Wazamiaji wa Lindi: shajara ya kuandika riwaya

1 Juni

Likizo imeanza, na nimefungua daftari jipya kwa kazi moja tu. Riwaya niliyokuwa naibeba kichwani tangu mwaka juzi sasa inaandikwa. Jina la muda ni Wazamiaji wa Lindi. Limetoka kwenye msemo tunaousema kila siku bila kuusikiliza: mtu kazama katika lindi la mawazo. Lindi ni shimo refu, ni kina ambacho jicho haliufikii mwisho wake, na ni mji alikozaliwa mama yangu. Mzamiaji naye ni mpiga mbizi, lakini kwetu huku pwani ni yule pia anayejificha melini na kusafiri bila tiketi. Maana zote mbili nazihitaji.

Kisa chenyewe: mwaka 2041 kuna kampuni ng'ambo ya ghuba, Kitunda, yenye mashine inayomwingiza mtu ndani ya kumbukumbu za mwingine. Somoe, binti wa Lindi mjini, ameajiriwa kama mzamiaji. Kila asubuhi anavuka kwa kivuko, anavaa kofia ya nyaya, analala kitanda cha pili pembeni ya mzee fulani, anashuka. Wazee wameambiwa kumbukumbu zao zinahifadhiwa kabla ugonjwa wa kusahau haujazila. Ukweli ni kwamba kampuni inatafuta kitu kimoja ndani ya kichwa cha mzee mmoja, mchonga vinyago, ambaye ni shahidi wa mwisho aliyebaki katika kesi ya ardhi ya ufukweni. Ndani ya ardhi hiyo kuna makaburi ya watu waliokufa kwenye kimbunga cha Aprili 1952. Makaburi yakithibitika, ardhi ni ya ukoo. Yasipothibitika, ni pori tupu la kugawiwa mwekezaji.

Kimbunga kile ni cha kweli. Kilipiga pwani ya Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na nimekisikia kwa bibi mzaa mama tangu sijaanza shule. Anasema makuti ya nyumba yaliondoka yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anavyovua kofia. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Leo maneno 1,120.

14 Juni

Wiki mbili zimekwenda kwenye sheria za mashine. Nafundisha Baiolojia, na sitaki mashine yangu iwe mazingaombwe. Msomaji akishaona kwamba mashine inaweza kila kitu, hofu inamtoka, na riwaya ya taharuki bila hofu haisomeki.

Nimeanza na kilichopo tayari. Mwaka 2023 Jerry Tang na Alexander Huth wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha kazi ya programu inayosoma mtiririko wa damu kwenye ubongo kupitia mashine ya MRI na kutoa maneno yenye maana inayokaribiana na kile mtu anachokisikia au kukiwaza. Haitoi neno kwa neno, inatoa maana. Ili programu ijifunze ubongo wa mtu mmoja, mtu huyo alilala ndani ya mashine kwa saa 16 akisikiliza hadithi. Programu iliyofunzwa kwa ubongo wa mtu mwingine haikufaa kitu. Hiyo ni sheria yangu ya kwanza: kila mzee ana ufunguo wake, na ufunguo unatengenezwa kwa muda mrefu na kwa ridhaa yake.

Sheria ya pili nimeitoa hapohapo na nimeipenda zaidi. Waliojitolea kwenye utafiti ule waliweza kuizuia programu. Walihesabu namba, walitaja wanyama, au walijisimulia hadithi nyingine kimoyomoyo, na maneno yaliyotoka yakawa hayana maana. Hadithi! Huku kwetu kila mtoto aliyelelewa na bibi anazo ngao za aina hiyo hamsini. Kwa hiyo mzee wangu, anapohisi mtu kaingia asikotakiwa, anaanza moyoni: paukwa, pakawa. Somoe aliyetarajia kutua kwenye ufukwe wa 1952 anajikuta kisimani, wanyama wote wamekusanyika kuchimba, na sungura kakaa pembeni anakataa kazi. Niliandika sura hiyo kwa usiku mmoja.

Maneno 9,400.

29 Juni

Sijaandika. Tulikuwa shambani kwa bibi kupulizia salfa, maana ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri mtu amalize sura. Kazi inaanza alfajiri, umande ungalipo na upepo haujaamka. Niliporudi nguo zilinuka salfa siku tatu, na nimeona niweke harufu kwenye riwaya. Harufu inafika kwenye vituo vya kumbukumbu na hisia kwa njia ya mkato ambayo macho na masikio hayana. Kampuni itatumia moshi wa maganda ya korosho kumwongoza mzee kurudi utotoni.

6 Julai

Siku kubwa kwenye mradi huu. Nimepata silaha ya adui.

Mwanzo nilifikiri kampuni ingefuta kumbukumbu ya mzee. Niliandika sura mbili namna hiyo na zilikuwa dhaifu. Kufuta kunaacha pengo, na pengo linaonekana. Nikarudi kusoma. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa kwenye kasi gani "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu havikuwemo. Kati ya watu 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, 7.

Kisha kuna kazi ya Karim Nader na wenzake, New York, mwaka 2000. Panya walifundishwa kuogopa mlio fulani. Baadaye walikumbushwa mlio ule, na papo hapo wakadungwa kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, dawa inayozuia kutengenezwa kwa protini mpya. Woga ukapotea. Wenzao waliodungwa dawa ileile bila kukumbushwa walibaki na woga wao. Maana yake kumbukumbu ikifunguliwa inalainika, kama udongo wa mfinyanzi uliolowekwa, na inabidi ikauke upya. Katikati hapo ndipo mkono wa mtu unaweza kupita.

Kwa hiyo kampuni haifuti. Inauliza. Inamshusha Somoe mara kumi kwenye tukio lilelile, na kila mara kuna swali lenye sumu ndogo. Nanakili hapa kipande cha sura ya 9 ili nisije nikakiharibu nikiwa nahariri:

"Somoe alitua kwenye mchanga uliolowa. Upepo haukuwa na sauti bado. Mashine huleta picha kwanza, sauti hufuata, kama radi inavyofuata umeme. Mbele yake ulisimama mbuyu, na chini ya mbuyu wanaume watano walikuwa wanachimba.

'Unaona nini?' msimamizi alimuuliza sikioni.

'Mbuyu.'

'Vizuri. Sasa muulize mzee ule mnazi ulikuwa na urefu gani.'

'Si mnazi, bosi. Ni mbuyu.'

'Muulize.'"

Mpaka mara ya kumi mzee mwenyewe anaona mnazi. Ufukwe wote wa Lindi una minazi. Nani atachimba chini ya kila mmoja?

Maneno 21,300. Mikono inauma na sijali.

20 Julai

Nimekwama. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, anayenisomea sura kadiri zinavyotoka, alinipigia jana usiku. "Mwalimu, mzee wako ana miaka mingapi?" Nikasema themanini. "Na mwaka ni 2041?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza ili nihesabu mwenyewe.

Mtu wa miaka 80 mwaka 2041 kazaliwa 1961. Kimbunga kilikuwa 1952. Ili akumbuke makuti yakiruka angalau awe alikuwa na miaka mitano, na hapo mwaka 2041 atakuwa na miaka 94. Mtu wa miaka 94 hawezi kupita saa zote zile mashineni, na baadaye kuna sura anayokimbia.

Njia ninazoziona ni tatu. Kurudisha riwaya nyuma mpaka miaka hii yetu, lakini mashine hiyo haipo miaka hii. Kutumia tukio la karibu zaidi, kwa mfano Aprili 2019 tulipoambiwa Mtwara nzima tuhamie sehemu za juu kwa sababu ya Kimbunga Kenneth, lakini kile kilielekea Cabo Delgado na kuwaumiza jirani zetu wa Msumbiji. Sisi tulirudi nyumbani salama, hakuna makaburi. Au kukitoa kimbunga kabisa na kutafuta sababu nyingine ya makaburi.

Kukitoa kimbunga siwezi. Ni sauti ya bibi. Bila ile kofia ya makuti sina riwaya.

9 Agosti

Nimeacha tatizo la miaka lilale na nimeandika sura nyingine, ya mlango.

Kampuni inamwamuru Somoe ashuke kwenye kumbukumbu za mzee za jandoni, kwa kuwa wanahisi huko ndiko alikoonyeshwa mipaka ya ardhi ya ukoo. Somoe anafika kwenye njia ya porini, anasikia ngoma mbele, na anasimama. Yeye ni mwanamke. Amechezwa unyago wake, anajua maana ya kiapo, anajua kuna maneno ambayo hata mama yake hayatamki nje ya pale. Anakaa kwenye njia ile saa nzima ya mashine, kampuni ikimpigia kelele sikioni, na hasogei.

Mwalimu mwenzangu anataka niandike anachokiona akiingia. Anasema wasomaji watakisubiri. Nimekataa, na hapa nataka niandike sababu ili nisije nikashawishika baadaye. Mimi pia ni mwanamke wa Kusini. Ya jandoni siyajui, na kuyabuni kungekuwa kufanya kwa kalamu kile kampuni inachokifanya kwa nyaya. Ya unyago nayajua, nayo sitayaandika. Taharuki ya sura hii iko kwenye njia, kwenye miguu iliyogoma. Msomaji wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao atajua mara moja kwa nini kagoma. Msomaji wa mbali atahisi uzito wake, na hiyo inatosha.

23 Agosti

Leo mzee amepata mikono yake.

Nilijua tangu mwanzo ni mchonga vinyago, lakini uchongaji ulikuwa pambo tu. Wiki hii nilikuwa naandaa somo la ubongo kwa kidato cha nne, nikarudi kwa Henry Molaison. Mmarekani huyu alifanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, ile sehemu iliyoitwa kwa jina la kisamaki chenye kichwa cha farasi kwa sababu ya umbo lake. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika kumbukumbu mpya ya tukio. Lakini Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila siku aliona ni mara ya kwanza. Mkono unajifunza kwa njia yake, na ghala lake liko kwingine.

Nilisimama darasani chaki mkononi. Wanafunzi wakadhani nimesahau somo.

Mzee wangu amechonga kinyago kilekile kwa zaidi ya miaka arobaini. Mbuyu, na watu watano wameinama chini yake, wote kutoka gogo moja la mpingo. Kampuni imebadilisha anachokiona akifumba macho. Anaamini kabisa ni mnazi. Lakini mpe patasi na tezo, mwache peke yake kibarazani, na mikono itatoa mbuyu. Yeye mwenyewe atautazama na kushangaa: huu nimechonga mimi? Kwenye tawi moja kuna kovu, na kovu hilo linaonyesha upande wa makaburi. Mashine iliingia kwenye macho yake, haikuingia kwenye viganja.

Niliandika mpaka saa tisa usiku. Maneno 44,800.

14 Septemba

Naandika haya Mtwara, nimerudi jana jioni, na bado sijatulia.

Ijumaa nilichukua kosta ya kwanza, Mikindani, Mnazi Mmoja, Lindi, kisha nikaendelea mpaka Mchinga kwa dada yake bibi. Nilitaka sauti ya pili ya kimbunga. Ya bibi nimeirekodi mara tatu kwa miaka tofauti, na kwenye rekodi hizo nilishaona tofauti ndogo. Kwenye ya kwanza alikuwa ameshika kanga ya mama yake ili asipeperushwe. Kwenye ya tatu mama yake alimfunga kwa ukambaa kwenye mhimili wa nyumba. Nilidhani ni uzee tu.

Bibi mkubwa nilimkuta anasuka ukili. Baada ya shikamoo na habari za wote nikamwambia nimefuata kimbunga.

"Si kakusimulia mwenzangu?"

"Kanisimulia, bibi. Anasema alishika kanga ya mama, makuti yakaondoka yote, akaona mbingu."

Akaweka ukili chini. Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ya kunionea huruma.

"Mke mwenzangu, aliyeshika kanga ni mimi. Huyu siku ile alikuwa tumboni. Mama kajifungua mikorosho inachanua."

Nilimuuliza tena, nikijua nimesikia. Akarudia. Akanionyesha kwa mkono ukubwa wa tumbo la mama yao siku ile. Akasema kila masika mvua ikianza kuvuma, mama yao alimfunika mdogo wake kwa kanga ileile na kumsimulia, na yeye mkubwa alikuwa pembeni, anaongeza alipokumbuka. Kitambulisho cha bibi kimeandikwa 1945, lakini mwaka huo ulikisiwa na karani aliyemtazama usoni.

Kwenye gari la kurudi sikuzungumza na mtu. Miaka yote nimemsikiliza bibi akieleza rangi ya mbingu, baridi ya maji miguuni, mlio wa minazi ikikatika, na vyote alivieleza kwa usahihi wa mtu aliyekuwepo. Hajanidanganya hata mara moja. Yeye anaviona. Ningemweka kwenye mashine yangu ya mwaka 2041, ingeonyesha mawingu, maji na kanga, na taa ya kijani ingewaka.

Tulipofika Mnazi Mmoja, gari likisubiri abiria, ndipo nilipoelewa kwamba mzee wangu wa mwaka 1961 ameshapona. Kimbunga si chake. Ni cha mama yake. Na hajui.

15 Septemba

Nimeomba ruhusa shuleni na nimekaa mezani tangu asubuhi. Naandika kwa haraka yasije yakanitoka.

Kwanza sayansi, nione kama inabeba. Inabeba. Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell walichukua watu 24, wakawapa visa vinne vya utotoni. Vitatu vilikuwa vya kweli, vimetolewa na ndugu zao. Cha nne, kupotea kwenye duka kubwa, kilitungwa. Karibu robo ya watu walikikumbuka kisa ambacho hakikutokea, kizima au kwa sehemu. Huko ni mara chache tu za kuambiwa. Mtoto aliyefunikwa kanga kila masika kwa miaka kumi atakuwaje? Halafu maabara ya Susumu Tonegawa, chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2013: panya walikaa kwenye boksi la kwanza kwa amani, seli zilizoshika kumbukumbu ya boksi hilo zikawekewa alama, kisha zikaamshwa kwa mwanga wakiwa kwenye boksi la pili huku wakipigwa shoti. Waliporudishwa boksi la kwanza waliganda kwa hofu, mahali ambapo hawakuwahi kuumizwa.

Pili sheria. Shemeji yangu ni wakili, na nilimsumbua saa nzima kwenye simu. Kwa msingi, Sheria ya Ushahidi yetu inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa mtu aliyeona mwenyewe kwa macho yake au kusikia kwa masikio yake. Cha kuambiwa kina njia nyembamba sana ya kupita. Na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi, ile iliyopitishwa 2022. Chile ilikwenda mbele zaidi: mwaka 2021 ilirekebisha katiba yake ili ilinde shughuli za ubongo na taarifa zinazotoka humo. Kwenye riwaya nimeweka mahakama inayopokea kumbukumbu ya mashine kama ushahidi wa macho. Basi siku itakapojulikana mzee kazaliwa 1961, ushahidi wake unageuka wa kuambiwa, na kesi imekufa. Kampuni haihitaji tena kumgeuza mbuyu kuwa mnazi. Inahitaji tarehe ya kuzaliwa tu.

Tatu, na hapa moyo ulinienda mbio: anayeligundua hilo ni Somoe, peke yake, akiwa chini. Anaona kitu kisichowezekana. Katika kumbukumbu ya mtoto anayeshika kanga, mtoto hana mikono. Akiinama kutazama miguu yake, hakuna miguu. Kuna sauti ya mwanamke inayosimulia, imezama chini ya upepo, nyembamba. Anapanda juu na kumwambia msimamizi hakuona jipya. Siku ya pili kampuni inamwambia: leo wewe ndiye utakayelala kitanda cha kwanza.

Sehemu ya tatu yote ni hiyo. Wazamiaji wanashuka ndani ya Somoe kutafuta alichokiona ndani ya mzee. Naye hana ngao isipokuwa ile aliyojifunza kwa mzee. Paukwa.

Maneno 52,000, lakini namba leo haina maana. Sura ya 4 hadi ya 8 lazima ziandikwe upya.

11 Oktoba

Mwezi wa kukarabati. Nimetoa sura mbili nzima, ile ya historia ya kampuni na ile ya mkutano wa wawekezaji. Zilikuwa na maelezo mengi na hakuna mtu aliyeogopa ndani yake. Mwalimu mwenzangu kasoma sehemu ya tatu, akanirudishia na alama moja tu ya wino mwekundu, pale nilipomfanya mama wa mzee aseme maneno makubwa ya busara kabla ya kufa. Kweli. Mwanamke yule alikuwa anamlaza mtoto tu mvua ikinyesha. Nimemwachia sentensi moja: "Lala, upepo umeshapita."

Lililobaki gumu ni mwisho wa kesi. Makaburi yatapatikana kwa kinyago, hilo nimeamua. Mbuyu wenyewe ulishaanguka, limebaki shimo lililojaa mchanga na miche, na Somoe anaugeuzageuza mpingo mkononi mpaka lile kovu la tawi linalingana na jabali lililopo ufukweni. Mifupa haihitaji kuapishwa. Lakini mzee akishaonyeshwa kwamba siku ile hakuwepo, anasema nini? Nimeandika jibu lake mara sita na kulikata mara sita. Nimeacha ukurasa mtupu.

Minada ya korosho inaanza. Mjomba anasema mwaka huu mikorosho imezaa vizuri.

8 Novemba

Nimekwenda Lindi na muswada. Bibi alisema kama kimbunga chake kiko kitabuni basi asomewe.

Njia nzima nilijiuliza kama nimwambie alichoniambia dada yake. Mwandishi ndani yangu alitaka kuona uso wake, ili nipate lile jibu la mzee. Nilipovuka kizingiti chake nilikuwa nimeshaamua kwamba sitamwambia. Nilikuwa na kofia ya nyaya mkononi, na nikaiweka chini.

Tulikaa kibarazani, mabibo yamejaa beseni pembeni yetu, nikamsomea sura ya 22, kimbunga kinapofika. Alisikiliza amefumba macho. Aliniachia upepo, aliniachia makuti. Nilipofika pale mama na watoto wanatoka nje kukimbilia msikitini, akanyoosha mkono.

"Hapo umekosea, mke mwenzangu. Hatukukimbia."

"Kwa nini, bibi?"

"Mama asingeweza. Tulikwenda polepole. Namwona hivi, mkono mmoja kamshika dada, mwingine kashika tumbo. Tumbo kubwa. Mvua inampiga, anasema naye, anasema na tumbo lake, twende mwanangu, twende."

Akafumbua macho na kuchukua bibo. Sikumuuliza tumboni alikuwa nani.

Nimeiingiza kwenye sura ya 22 kama alivyoisema. Kisha nikafungua ule ukurasa mtupu, na mzee akamjibu Somoe kwa maneno hayohayo.

Maneno 68,900. Jumatatu naanza sura ya 31.